Kushikamana na Kufungamana

Februari 1963 wajumbe walikusanyika Moshi kwa Mkutano wa Mshikamano wa Watu wa Afrika na Asia. Mshikamano unatokana na shikamana: kila mtu amemshika mwenzake, na mkono ulioshika unaweza kuachia. Fungamana lina mkia uleule, ila mzizi wake ni funga. Mzigo wa majani ya ng'ombe unaopandishwa mlimani Kibosho umefungamana. Hauachani mpaka kamba ifunguliwe au ikatwe. Ndiyo maana sisi Watanzania siasa yetu ya nje tuliiita ya kutofungamana na upande wowote, na nalipenda sana neno hilo.

Siku zile dunia iliambiwa kwamba itikadi ndiyo kamba yenyewe: wenye imani moja wataungana, wenye imani tofauti watapigana tu. Lakini waliozozana pale Moshi walikuwa Wachina na Warusi, wote wafuasi wa Marx na Lenin. Mwalimu Nyerere, akifungua mkutano, alikwisha onya juu ya kinyang'anyiro cha pili cha kuigombania Afrika, na nchi za kijamaa hakuziacha nje. Mwaka 1969 Wachina na Warusi walipigana risasi kwenye mto Ussuri. Mwaka 1972 Nixon, adui wa ukomunisti, alipeana mkono na Mao jijini Beijing.

Waandishi wenzangu, tunapoandika leo kuhusu Marekani na China, tusiseme mataifa hayo yamefungamana na vita. Tuandike nani ameshika nini, na kwa nini hataki kuachia.