Kina cha Bomu

Vita vya Atlantiki vya mwaka 1939 hadi 1945 aghalabu husimuliwa kama habari ya ushujaa: rubani juu, nyambizi chini. Ushujaa ulikuwapo, tena mwingi. Lakini katika miaka miwili ya kwanza ndege za Uingereza zilizolinda bahari zilishambulia nyambizi za Wajerumani mara nyingi zikazizamisha chache mno, na kila iliyoponyoka ilirudi kuvizia meli za chakula na mafuta. Kasoro haikuwa katika mioyo ya marubani, bali katika kina.

Bomu lililotumika halikulipuka kwa kugonga. Lilitumbukia majini, likazama, na lilipofika kina lilichopangiwa, shinikizo la maji likalilipua. Kina hicho kilikuwa futi 100. Hoja yake ilikuwa na sura ya akili: mabaharia wa nyambizi huiona ndege, kwa wastani, dakika mbili kabla ya kushambuliwa, na kwa muda huo chombo huweza kupiga mbizi futi 100. Basi bomu na liifuate huko.

Mwaka 1941 mwanafizikia wa Wales, E. J. Williams, aliyefanya kazi pamoja na Patrick Blackett, aliikagua hoja hiyo kwa kumbukumbu za mashambulio yenyewe. Nyambizi iliyokwisha kufika futi 100 imekwisha kupotea machoni. Hakuna ajuaye imegeukia wapi, na bomu lenye kuvunja ubavu wa chuma kwa umbali wa futi 20 hivi tu hulipuka bure. Iwezayo kulengwa ni ile ambayo rubani angali akiiona, au iliyozama punde hivi. Nayo ndiyo iliyokuwa ikisalimika, kwa kuwa bomu liliipita likaenda kupasuka mbali chini yake.

Williams alishauri futi 25. Shauri lilikubaliwa, lakini viwashio vya mabomu havikuweza kupangwa kwa kina kidogo namna hiyo, kwa hiyo kikapunguzwa hatua kwa hatua. Blackett alisimulia baadaye kwamba Wajerumani waliotekwa walidhani Waingereza wamepata bomu jipya lenye nguvu zaidi. Dhana hiyo si ya kuchekwa; aliyefungiwa ndani ya chuma hupima mlipuko kwa mwili wake. Wala hesabu haikushinda peke yake: baruti kali zaidi, taa za kumulika usiku na rada bora zilifuata. Mei 1943 Wajerumani walipoteza nyambizi 41, na Dönitz akaziondoa zake katika njia za misafara ya Atlantiki ya Kaskazini.

Silaha hiyo ilifika Bahari ya Hindi pia. Kikosi cha ndege cha 259 kiliundwa upya Kipevu, Mombasa, mapema mwaka 1943. Tarehe 20 Agosti mwaka huo ndege yake aina ya Catalina iliijeruhi nyambizi U-197 kusini ya Madagaska, na nyingine ya kikosi cha 265 ikaimaliza. Ndani yake walikuwamo watu 67. Hakuokoka hata mmoja.