Daktari na Malipo Yake: Khabari za Uganga wa Binafsi Tanzania Bara

Mwaka 1977 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria iliyomkataza mtu yeyote, awe daktari au asiwe, kuendesha hospitali kwa kutafuta faida. Ruhusa ilibaki kwa Serikali na kwa mashirika yaliyoidhinishwa, khasa yale ya dini. Mwaka 1991 sheria hiyo hiyo ikarekebishwa, na madaktari wakapewa tena idhini ya kufungua milango yao. Kati ya tarehe hizo mbili ni miaka 14 tu. Wengi waizungumzao khabari hii siku hizi huishika nusu: ama watausifu mwaka 1977 na kuulaumu 1991, ama watafanya kinyume chake. Yafaa isomwe yote pamoja tangu mwanzo wake, kwa kuwa swali lililokuwa ndani yake, yaani nani amlipe daktari wa mtu asiye na kitu, halikuzaliwa na sheria ile wala halikufa nayo.

Kabla ya kuwapo Bunge wala Serikali ya wananchi, alikuwako pwani tajiri mmoja kwa jina Sewa Haji Paroo, Mwislamu Ismailia, aliyezaliwa mwaka 1851. Biashara yake ilikuwa ya kuzitengeneza safari za bara: nguo, shanga, na wapagazi wa kuvichukua. Mali aliyoichuma katika njia ya Bagamoyo aliitoa nyingi kwa mambo ya kheri. Alijenga skuli Bagamoyo, akashurutisha kwamba ipokee watoto wa kila kabila. Na Dar es Salaam akatoa fedha za kujengea hospitali ya wenyeji na Wahindi, wakati Wajerumani walipokuwa wakijijengea yao kando ya bahari, ile iitwayo Ocean Road. Alifariki mwaka 1897. Unguja nako Tharia Topan aliweka msingi wa hospitali mwaka 1887, akafa kabla jengo halijakwisha. Jina la Sewa Haji halikupotea: hospitali mpya ya Princess Margaret ilipofunguliwa mwaka 1956, ambayo ndiyo Muhimbili ya leo, liliendelea kutajwa, na mpaka sasa mgonjwa wa Muhimbili aweza kuambiwa kuwa amelazwa Sewahaji, asijue kuwa hilo lilikuwa jina la mtu.

Lakini katika sadaka ya namna hii pana jambo la kuangaliwa. Jengo hutolewa mara moja, bali dawa hununuliwa kila mwezi, na mshahara wa muuguzi haungoji. Wafalme wa zamani waliojenga hospitali katika miji ya Kiislamu walilifahamu jambo hili. Sultani al-Mansur Qalawun alipoijenga hospitali yake mjini Cairo mwaka 1284 hakutoa kuta peke yake. Aliifungia wakfu wa mali ambazo pato lake lilikuwa ndilo la kununulia dawa na chakula na kuwalipa matabibu, na kwa hivyo tajiri na maskini, muungwana na mtumwa, waliingia wakatibiwa bila kuulizwa kitu. Gharama ya ugonjwa ilikuwa imekwisha kulipwa kabla ugonjwa haujaja. Sewa Haji alitoa kuta, na gharama za kila siku zikawa juu ya Serikali ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, kila moja ikitoa kwa kadiri ilivyopenda.

Nazo zilipenda kwa vipimo. Katika enzi ya Waingereza hospitali za Serikali zilikuwa za daraja tatu, ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, na mtu alitibiwa kwa rangi yake kwanza na kwa maradhi yake baadaye. Huko mashamba kazi kubwa ilifanywa na misheni. Madaktari wa kujitegemea, ambao wengi wao walikuwa Wahindi, walikaa mijini katika mitaa ya maduka, penye watu wenye fedha taslimu. Hapana haja ya kuwalaumu kwa hilo. Daktari asiyelipwa na Serikali hula kwa wagonjwa wake, naye hatakaa mahali ambapo mgonjwa ana kuku na mhogo lakini hana shilingi. Jumuiya za Kihindi zilijitengenezea njia yao: Hindu Mandal ilianzisha zahanati Dar es Salaam mwaka 1919, na hospitali ya Aga Khan ikafunguliwa mjini humo mwaka 1964.

Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961 ilikuwa, kama alivyokuwa akikumbusha Mwalimu Julius Nyerere, na madaktari wazalendo 12 tu. Skuli ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963. Mwaka 1964 ilitolewa taarifa ya Richard Titmuss, mwanachuoni Mwingereza, na wenzake, iliyoshauri kwamba nchi isifuate mahospitali makubwa ya mijini bali ijenge vituo vya afya vijijini na kuyaunga pamoja matibabu ya Serikali na ya misheni. Ushauri huo ulipata nguvu baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, na zaidi baada ya mwaka 1972 Serikali ilipoanza kuelekeza fedha mashamba. Vituo vya afya havikufika 30 wakati wa uhuru; miaka 20 baadaye vilipita 200, na zahanati zikaongezeka sana. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakakusanyika kando ya redio vikundi vikundi, wakasomeshana juu ya mbu na maji na vyoo, kisha wakaenda kuvichimba vyoo vyenyewe. Ni kazi ambayo hata waliochukizwa na siasa ya Ujamaa hawakuweza kuikana.

Katika hali hiyo ndipo ilipokuja sheria ya 1977. Hoja zake hazikuwa dhaifu. Nchi ilikuwa ikimsomesha daktari kwa jasho la mkulima wa pamba na kahawa, naye akimaliza akavutwa na mtaa wa mjini. Kuuza matibabu kwa anayeweza kununua, huku asiyeweza akiachwa mlangoni, kulionekana ni unyonyaji ule ule uliokatazwa katika mashamba ya mkonge na katika mabenki. Sheria hiyo ilikuwa ya Bara, maana afya si jambo la Muungano. Unguja na Pemba zilikuwa na mwendo wao tangu mwaka 1964.

Uganda ilikuwa imekwisha kupoteza madaktari wengi wa kujitegemea, na kwa njia mbaya zaidi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 watoke, na wengi wa madaktari wa Kihindi wakatoka na mikoba yao. Tanzania haikumfukuza mtu kwa asili yake, ilikataza biashara. Hata hivyo baadhi ya madaktari waliokuwa na kliniki walifunga wakahama, na aliyekuwa akitibiwa na daktari mmoja tangu utotoni akajikuta hana pa kwenda illa kwenye foleni. Mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, ukabaki hivyo mpaka mwisho wa 1983, hata wenye uwezo waliozoea kwenda Nairobi kwa matibabu wakaikosa njia hiyo pia.

Foleni ingestahimilika kama mwisho wake pangekuwa na dawa. Lakini vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimeza fedha za kigeni, mafuta yakapanda bei, mazao yakashuka, na hospitali zikaanza kukauka. Mpango wa Dawa Muhimu, ulioanza katikati ya miaka ya 1980 kwa fedha za Denmark zikipitia UNICEF, ulipeleka makasha ya dawa yaliyofungwa mpaka zahanati za mashamba, na hapana shaka uliokoa watu wengi. Lakini kasha likiisha kabla ya mwezi, lilikuwa limeisha. Mshahara wa daktari nao ulipungua nguvu mwaka hata mwaka mpaka haukutosha chakula cha nyumba.

Kilichofuata kingeweza kutabiriwa na mtu yeyote anayewajua wanadamu. Uganga wa malipo haukukoma, bali uliondoka mahali pa wazi ukaingia mahali pa siri. Daktari wa Serikali alitibu jioni nyumbani kwake, taa imefifizwa. Kliniki nyingine zilipata kibali kwa kujiweka chini ya jina la shirika la dini au la kheri, shirika likatoa jina na daktari akaendelea na kazi yake. Wodini, aliyetia kitu katika mfuko wa koti jeupe alitazamwa mbele ya mwenziwe. Na hapa lazima isemwe bila kuficha: malipo ya siri ni mabaya kuliko malipo ya wazi, kwa sababu bei ya wazi yaweza kushitakiwa, na ile ya mfukoni haina mshitaki wala shahidi. Sheria iliyokusudiwa kumlinda maskini asiuziwe dawa ilimwacha anaiuziwa gizani. Wapo madaktari waliokataa kabisa, wakaishi kwa mshahara ule ule na shamba la migomba. Majina yao hayakuandikwa popote, na wagonjwa wao ndio wawajuao.

Hospitali ya Mission Mikocheni ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1987 na Profesa Hubert Kairuki, daktari wa wanawake, ikiwa bado miaka minne sheria kulegezwa. Upepo ulikuwa umekwisha kugeuka. Mwaka 1986, chini ya Rais Alhaj Ali Hassan Mwinyi, Allah amrehemu, nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Februari 1991 chama tawala kikalegeza miiko ya Azimio la Arusha huko Zanzibar. Na mwaka huo huo sheria ya hospitali ikarekebishwa. Hospitali ya Mikocheni ilikuja kuzaa chuo kikuu cha udaktari mwaka 1997, jambo ambalo miaka 20 kabla yake lisingefikirika.

Basi kliniki zikachipuka. Zilichipuka wapi? Pale pale zilipokuwa kabla ya 1977: Dar es Salaam na miji mingine, penye barabara na umeme na watu wa mishahara. Kijiji kilichokuwa hakina daktari mwaka 1976 hakikumpata mwaka 1992. Walichokipata vijiji vingi ni duka la dawa baridi, na muuzaji ambaye mara nyingi hakusomea kazi hiyo, naye ndiye aliyekuwa daktari na mfamasia kwa pamoja.

Haifai kudhani kuwa daktari wa kliniki anakaa juu ya dhahabu. Hulipa pango, leseni, kodi, mafuta ya jenereta umeme ukikatika, mshahara wa muuguzi na wa mpimaji wa maabara. Na mgonjwa humjia akiwa na nusu ya bei, akiahidi kuleta nusu ya pili asionekane tena. Ada ya kumwona daktari ni ndogo, kwa hivyo kliniki huishi kwa vipimo na sindano. Hapo ndipo penye khatari. Mgonjwa mwenyewe huamini kuwa asiyedungwa sindano hakutibiwa, na daktari ajuaye kuwa maji na mapumziko yangetosha huona vigumu kumrudisha mtu mikono mitupu, maana atakwenda kwa jirani atakayemdunga. Asiye mwaminifu hufanya hivyo kwa tamaa; aliye mwaminifu hujaribiwa kila siku.

Kuwachunguza watu wa kazi hii si jambo geni. Mwaka 931 Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad aliletewa khabari ya mtu aliyekufa kwa kosa la tabibu, akaamuru asitibu mtu yeyote mpaka amepimwa elimu yake na Sinan bin Thabit. Waliojitokeza kupimwa katika mji ule mmoja walizidi 860. Tanzania nayo, baada ya kuona maduka ya dawa hayazuiliki, ilichagua kuyafundisha badala ya kuyafukuza: mwaka 2003 mkoani Ruvuma ulianza mpango wa Duka la Dawa Muhimu, ambamo muuzaji hufunzwa, duka hukaguliwa, naye huruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti. Mpango huo ulienea mikoa mingine. Si kama kuwa na daktari, lakini ni afadhali kubwa.

Mambo ya ada hayakuwa ya binafsi peke yake. Kuanzia mwaka 1993 hospitali za Serikali nazo zilianza kudai mgonjwa achangie. Kenya ilikuwa imetangulia mwishoni mwa 1989, ikaziacha ada mwaka uliofuata, kisha ikazirudisha. Uganda ilizifuta katika vituo vya Serikali Machi 2001, wagonjwa wakamiminika mno, na dawa zilipokwisha wengi wakaandikiwa za kununua nje. Tanzania ilijaribu kuwalipisha watu kabla hawajaugua: Mfuko wa Afya ya Jamii ulioanzia Igunga katikati ya miaka ya 1990, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulioanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa Serikali. Mtumishi hukatwa mshahara asihisi sana. Mkulima hutakiwa kutoa fedha mkononi akiwa mzima, na akikuta zahanati haina dawa, mwaka wa pili hatoi. Wala hawezi kulaumiwa.

Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Kabla sheria hiyo haijafika kwa wakulima, Machi 2024 Mfuko wa Taifa ulitoa bei mpya za kuzilipa hospitali. Baadhi ya hospitali binafsi zilisema bei hizo hazirudishi gharama, zikasitisha kuwapokea wenye kadi. Serikali ikasema bei zilipimwa kwa haki. Kwa muda huo mwanachama aliyekatwa mshahara miaka mingi alisimama mapokezi, kadi mkononi, akiambiwa alipe taslimu au aende kwingine, mpaka pande mbili zilipokaa kuzungumza juu ya shilingi ngapi ndiyo haki ya daktari kwa kila mgonjwa anayemwona.