Mwamuzi Aliyetoka Ng'ambo

 

Leo tunauliza swali moja: mtu asiye wa kabila letu aweza kutuamua kwa haki?

Tuna sababu ya kuuliza. Tangu 1937 Wabelgiji walileta jamaa nyingi kutoka Rwanda hapa Masisi. Kule Gishari walikata sehemu ya inchi ya Wahunde, wakaifanya utawala wa wahamiaji wenye chefu wao. Dekreti ya 1926 ilikuwa imekwisha kutambua tribinali za desturi, na machefu ndio walikaa kuamua. Basi mwenye kugawa shamba alikuwa pia mwenye kuamua ugomvi wa shamba. Gishari ilifutwa katika 1957, lakini ugomvi haukufutika. Machi 1993, damu ilimwangika kuanzia soko la Ntoto, Walikale.

Sasa sikilizeni habari ya jirani zetu wa Tanzania. Katika 1965 Rais Nyerere alimpa Philip Telford Georges kiti cha Jaji Mkuu. Huyu alizaliwa 1923 katika kisiwa kidogo cha Dominica, mbali sana na Afrika. Alisoma sheria Kanada, akawa mwanasheria na jaji kule Trinidad. Dar es Salaam hakuwa na ukoo, wala shamba, wala mke wa kabila fulani. Inchi ilikuwa na chama kimoja tu, naye katika hotuba zake alitetea uhuru wa mahakama.

Mtihani mkubwa ulikuja 1970. Watu walishitakiwa kwamba walitaka kupindua serikali. Kati yao alikuwa Bibi Titi Mohamed, mama aliyepigania uhuru pamoja na Nyerere mwenyewe. Jaji Georges ndiye aliyeongoza kesi hiyo kwa miezi mingi. Bibi Titi alihukumiwa kifungo cha maisha katika 1971. Mwaka 1972 Rais alimwachilia.

Mwaka huohuo wa 1971 Georges alitoka, na Augustine Saidi akawa Jaji Mkuu wa kwanza Mtanzania. Georges aliendelea, akawa Jaji Mkuu wa Zimbabwe, kisha wa Bahamas.

Wakubwa wetu, tusikose kuelewa. Sisemi kwamba mgeni ni mwema kuliko mwenyeji. Mgeni naye aweza kupendelea. Kilichomsaidia Georges ni kwamba hakuwa na fungu katika ugomvi, na kiti hakikuwa mali yake: alikiacha.

Sheria yetu ya 2013 inaweka tribinali ya amani ya kuamua kesi ndogo. Lakini ndugu wanaorudi vijijini watakuta wengine katika mashamba yao, na kesi ya kwanza itafika kwa mzee wa kijiji. Basi mzee, ukiwa ndugu wa mmoja wao, ao ukiwa umepokea mbuzi, ondoka kitini. Sikiliza pande zote mbili mbele ya watu. Mipaka iandikwe, na washuhuda watoke katika kila kabila. Mshindwa aambiwe sababu, apate njia ya kukata rufani.

Anayeshindwa kwa haki hunung'unika. Anayeshindwa kwa upendeleo hutafuta bunduki.