Kuni Katika Mizani: Historia ya Kupima Jiko

(Maneno ya somo la redio. Yasomwe tena polepole darasani baada ya matangazo.)

Leo twasoma historia ya jambo mnaloliona kila siku, nalo ni moto wa jikoni. Swali letu ni hili: mtu ajuaje kama jiko lake linakula kuni nyingi au chache? Laonekana swali dogo. Lakini huku kwetu Ngara liliwahi kuwa swali la uhai.

1. Mafiga matatu

Tangu zamani bibi zetu walipika juu ya mafiga matatu. Mafiga hayana gharama, huchukua chungu cha ukubwa wo wote, na usiku watu huota moto wake. Msitu ulipokuwa karibu, hakuna aliyehangaika kupima kuni. Mtu hapimi kitu asichokikosa.

2. Jiko lililosifiwa kabla ya kupimwa

Mwaka 1976 nchi ya Guatemala, katika Amerika ya Kati, ilipatwa na tetemeko kubwa la ardhi. Baada ya hapo mafundi waliwafundisha watu kujenga jiko nene la udongo na mchanga, liitwalo Lorena. Moshi wake ulitoka nje kwa bomba. Watu walilipenda, na habari zikaenea kwamba laokoa kuni sana.

Walakini lilipopimwa, mara nyingi halikuokoa kuni, na mara nyingine lilikula kuni kuliko moto wa wazi. Sababu yake ni nini? Udongo mzito hunywa joto kwanza, na chungu hupata kinachobaki. Jicho liliona jiko zuri, lakini mizani ilisema kweli.

Basi mwezi wa Desemba 1982 wataalamu walikutana Arlington, Marekani, wakapatana juu ya kanuni za kupima majiko. Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza ni kuchemsha maji na kupima kuni zilizotumika. Ya pili ni kupika chakula kile kile kwa majiko mbalimbali. Ya tatu ni kupima nyumbani, mwenye nyumba akipika kama desturi yake. Hii ya tatu ina kazi nyingi, lakini ndiyo inayoonyesha maisha yalivyo.

3. Mambo yaliyotokea Ngara

Mwisho wa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa siku chache tu, wakaingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa. Chakula cha msaada kilikuwa mahindi na maharage makavu, navyo vyataka moto wa muda mrefu. Ilikadiriwa kwamba makambi ya mkoa wa Kagera yaliteketeza zaidi ya tani 1,000 za kuni kila siku.

Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Lakini kambi ya Lukole ilibaki, yenye Warundi waliokimbia vita vilivyoanza kwao mwaka 1993. Kufikia mwaka 2000 walikuwa watu wapatao 100,000. Hawakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilometa 4 kutoka kambini bila kibali, na kuni za karibu zilikuwa zimekwisha.

Fikiri, ndugu msomaji, juu ya mama mwenye maharage mabichi chunguni. Akienda mbali, aweza kukamatwa. Asipokwenda, watoto watalala na njaa. Na katika makambi ya Warundi nchini mwetu wako wanawake waliobakwa walipokuwa wakitafuta kuni. Wenyeji nao, Wahangaza na Washubi, waliona miti yao ikiisha. Kwa hiyo kila mzigo uliookolewa ulikuwa safari moja ya hatari iliyopungua.

Ndipo wakimbizi wakafundishwa kujenga majiko ya udongo yenye kuzuia upepo, kukausha na kupasua kuni, kuloweka maharage, na kufunika chungu.

4. Namna ya kupima, na namna ya kueleza

Hii hapa hesabu ya kujifunzia. Nyumba ina watu 5. Jumatatu asubuhi twapima kuni kavu kwa mizani ya kuning'iniza: kilo 40. Mama apika kwa kuni hizo tu. Alhamisi asubuhi zimebaki kilo 10. Basi kilo 30 zimetumika kwa siku 3, yaani kilo 10 kwa siku. Halafu twajenga jiko jipya, twapima tena siku 3, watu ni wale wale na chakula ni kile kile. Sasa ni kilo 21, yaani kilo 7 kwa siku.

Je, tumwambie mama, "Umeokoa asilimia 30"? Maneno hayo hayatamsaidia sana. Mzigo wake wa kichwani ni kilo 20. Tumwambie hivi: "Mama, kwa mwezi ulikwenda porini mara 15. Sasa utakwenda mara 10 au 11." Hapo ataelewa, tena ataweza kuhakikisha mwenyewe.

Mpimaji ashike mambo matatu. Kwanza, amweleze mama kwamba linalopimwa ni jiko, wala si yeye. Mtu akiona haya ataficha kuni, na hesabu itakuwa ya uongo. Pili, abadilishe jambo moja kwa wakati mmoja. Ukileta jiko jipya na kifuniko siku ile ile, hutajua kipi kilichookoa kuni. Tatu, aseme matokeo yalivyo, hata kama jiko jipya limeshindwa. Mafiga matatu yakikingwa upepo, na moto ukiangaliwa vizuri, huokoa kuni nyingi.

5. Yatupasayo leo

Kambi ya Lukole ilifungwa mwaka 2008, lakini nyumba nyingi nchini bado zapika kwa kuni na mkaa. Mwaka 2024 Serikali ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Wauzaji wa majiko watapita milangoni. Ye yote atakayekuja kulisifu jiko lake, mkaribishe, kisha mwambie alete na mizani.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini jiko la Lorena halikuokoa kuni kama watu walivyodhani?
2. Kwa nini kupima kuni nyumbani ni bora kuliko kuchemsha maji tu?
3. Pima kuni za nyumbani kwako kwa siku 3. Je, kila mtu atumia kilo ngapi kwa siku?