Walimu Wageni Katika Upare

Kata ya Maore imo katika wilaya ya Same, upande wa mashariki wa milima ya Upare ya Kusini, mahali mlima unapokoma na uwanda wa Mkomazi kuanza. Katika vijiji vya Tanzania vya namna hii, mgeni kijana wa Ulaya au Marekani anayekuja kufundisha watoto wadogo kwa kujitolea si ajabu tena. Hufika, hukaa miezi michache, pengine majuma machache tu, kisha huenda zake na sifa njema zikamfuata. Sifa hizo si haramu. Lakini historia ya walimu wageni katika Upare ni ndefu kuliko wageni wengi wanavyodhani, na tangu mwanzo ilikuwa na swali moja lisiloepukika: mgeni atasema na mtoto kwa lugha gani?

Wa kwanza kulijibu walikuwa wamisionari wa Kijerumani. Walutheri wa Leipzig walifanya kazi Shighatini na Mbaga. Waadventista walifika Giti mwaka wa 1903. Hawa hawakuwa watu wa kujitolea kwa maana ya leo, kwa kuwa walitumwa na makanisa yao, nao walitafuta waumini kabla ya kutafuta wanafunzi. Hata hivyo waliona upesi kwamba mtoto wa Kipare hafundishiki kwa Kijerumani, wakakaa chini kujifunza Chasu. Ernst Kotz, Mwadventista, alichapisha sarufi ya lugha hiyo mwaka wa 1909. Kitabu cha namna hiyo hakiandikwi bila miaka ya kusikiliza, na waliosikilizwa walikuwa Wapare wenyewe; kwa hiyo mwalimu alikuwa mwanafunzi kwanza, wala majina ya waliomfundisha hayajulikani kama lake. Vita vya mwaka wa 1914 vilipowaondoa Wajerumani, shule hazikufa zote, maana walikuwapo vijana wa Kipare waliokwisha kujua kazi.

Wala isidhaniwe kuwa wageni peke yao walijitolea. Wapare wana msaragambo, kazi ya pamoja ambayo watu huitikia bila ujira ili kutengeneza njia, kuzibua mfereji au kujenga. Kuta nyingi ambazo mgeni alifundisha ndani yake zilisimama kwa mikono hiyo. Vitabu vya wasafiri humsifu aliyeshika chaki na kumsahau aliyebeba mawe.

Zamani za uhuru wakaja wageni wa namna nyingine. Uingereza ilikuwa imekwisha kuanza kupeleka vijana wake ng'ambo mwaka wa 1958, kwa juhudi ya Alec Dickson. Mwaka wa 1961 Rais Kennedy aliunda Peace Corps, na mwaka huohuo kundi lake la kwanza likafika Tanganyika. Nalo halikuwa la walimu, bali la wapima ardhi, wahandisi na wajiolojia. Walimu walifuata baadaye, wakapewa madarasa ya juu ya shule za msingi. Sababu yaeleweka: madarasa ya chini yalifundishwa kwa Kiswahili, na ya juu kwa Kiingereza. Mgeni aliwekwa pale ambapo lugha yake ilimngoja, na mtoto wa miaka saba akabaki mbali naye.

Mwaka wa 1967 ukavunja mpango huo. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote. Mgeni asiyekijua alikosa pa kusimama. Mwaka wa 1969 Peace Corps iliondoka Tanzania, kwa sababu ambazo siasa ilizidi lugha, isirudi mpaka 1979.

Wageni wa leo wanaokuja kwa majuma wamerudishwa kwa watoto wadogo kabisa, yaani palepale penye kuhitaji lugha zaidi, huku muda wao wa kuijifunza ukiwa mfupi kuliko wa wote waliowatangulia. Kotz angalistaajabu. Nyimbo na michezo husaidia kidogo. Kumfundisha mtoto kusoma ni kazi nyingine. Na ugeni huu si wa Wazungu tu. Mwalimu kijana wa Kitanzania, mwenye cheti chake, aliyepangiwa Maore kutoka mkoa wa mbali, aweza kumwuliza swali mtoto aliyelelewa na bibi yake mlimani, mtoto akainuka kwa adabu na kumjibu kwa Chasu, na mwalimu akalazimika kumgeukia mwenziwe wa dawati la nyuma amfasirie.