Ukimpeleka Mgonjwa Mjini Unguja: Wapi Utakula, na Chakula Hicho Kimetoka Wapi

Wasikilizaji wetu wengi huvuka bahari kutoka Mkoani au Wete kwa sababu ya mgonjwa aliyepelekwa Hospitali ya Mnazi Mmoja. Mgonjwa hupata kitanda, lakini anayemuuguza hubaki na swali la tumbo lake. Leo tunaeleza wapi pa kula, na asili ya vyakula utakavyovikuta.

Mchana: Darajani

Soko la Darajani, lililofunguliwa mwaka 1904, unaweza kulifikia kwa miguu kutoka hospitali. Pembezoni mwake na vichochoroni utapata wali, maharage, samaki na pilau kwa bei ya wenyeji. Pilau na biriani zimetufikia kutoka Uajemi na India. Karafuu inayonukia ndani ya pilau nayo ni mgeni. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Wafaransa waliipanda Mauritius katika miaka ya 1770, na kutoka visiwa vyao ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba yetu ikashika usukani.

Alasiri: urojo

Urojo, ambao wengine huuita mix, ni mchuzi mzito wa unga wa ngano na bizari wenye ukali wa embe mbichi au ndimu. Ndani yake hutiwa viazi, bajia, kachori na chipsi za muhogo. Bajia na kachori ni mkono wa Wahindi. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioufikisha Afrika. Bakuli moja hushibisha, na bei yake ni nafuu.

Usiku: Forodhani

Bustani ya Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe, hujaa meza za chakula baada ya magharibi. Kuna mishikaki, pweza, juisi ya miwa na "pizza ya Zanzibar". Hiyo ina jina la Italia, lakini ni chapati nyembamba iliyokunjwa na nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ndugu wa mkate mayai wa Mombasa. Hapa watalii ni wengi, kwa hiyo uliza bei kabla hujapakuliwa. Samaki na pweza hukaa mezani muda mrefu. Chagua kinachochomwa mbele yako, na kikiwa na harufu kali kiache. Ukiumwa tumbo wewe, mgonjwa atabaki na nani?

Zawadi ya kurudi nayo

Halua ni urithi wa Oman: wanga, sukari, samli na iliki, hukorogwa motoni kwa saa nyingi. Huliwa kidogo kidogo kwa kahawa chungu. Mwenye kisukari asiletewe, hata akiomba.

Kumbuka

Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, basi anayemuuguza mgonjwa na hafungi ajiwekee akiba mapema. Kabla ya kumpelekea mgonjwa chakula cha nje, muulize muuguzi wa zamu kama kinaruhusiwa. Na pesa ya nauli ya boti ya kurudi iweke mbali na pesa ya kula.

Tunawaombea wagonjwa wetu afueni.