Kutaja Majina kwa Ajili ya Wazee Waliokufa

Kila taifa lina namna yake ya kuwakumbuka wazee waliotangulia. Hapa twataka kueleza desturi ya kutaja majina katika sala, jinsi ilivyokuwa kwa Wanyakyusa wa Kyela na kaskazini ya Ziwa Nyasa, tukiilinganisha na desturi ya Wahindu. Maana mwalimu aulizwaye habari za wafu hajibu vema asipojua watu waliwaitaje wafu wao zamani.

Wanyakyusa waliwaita wafu wa jamaa abasyuka. Mkubwa wa jamaa alitia maji au pombe kinywani, akapuliza chini, akawaita wazee wake kwa majina, akiomba afya na uzazi. Monica Wilson, aliyekaa na mumewe Godfrey katika nchi hiyo kati ya miaka 1934 na 1938, ameeleza kwamba kupuliza kule kulikuwa alama ya kutoa hasira moyoni. Mwenye kinyongo alipaswa kwanza kukisema waziwazi. Asipokisema, sala yake ilikuwa bure. Basi jina peke yake halikutosha.

Juu ya wazee wa jamaa walikuwako wakuu wa nchi nzima. Lwembe alikuwa na mahali pake Lubaga, katika Rungwe. Kyala alikuwa na mahali pake Palikyala, kando ya ziwa chini ya milima ya Livingstone. Kyungu alitawala Ungonde, upande wa Karonga. Masimulizi yasema kwamba asili yao ni Ukinga, nao makuhani wa Kikinga walishuka milimani na majembe ya chuma kuwa sadaka.

Katika sala hizi zote faida ilitazamiwa kutoka kwa wafu iwajie walio hai. Kwa Wahindu twaona pia njia ya kinyume: aliye hai humsaidia aliyekufa.

Wahindu si wageni wa jana katika Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindu wa Kutch, ilishika forodha ya Sultani wa Unguja. Kwao mtoto wa kiume huwafanyia wazee ibada iitwayo shraddha: hutaja jina la baba, la babu na la baba wa babu, akiwatolea matonge ya wali. Tena wako wapendao kulitaja jina la Mungu mara nyingi, wakihesabu kwa tasbihi ya punje 108, na kuomba thawabu yake iwafikie wazee.

Msingi wa tumaini hilo waonekana katika kitabu chao, Bhagavata Purana. Humo Prahlada, aliyempenda Vishnu, amwombea msamaha baba yake aliyekuwa adui wa Vishnu. Naye aambiwa kwamba baba yake ametakaswa pamoja na wazee 21. Humo pia Ajamila, mtu mwovu, aokolewa kwa kuwa saa ya kufa alimwita mwanawe Narayana, nalo ni jina la Vishnu. Lakini mtu asidhani kwamba ni kazi ya mdomo tu: walimu wao wenyewe huhesabu kuwa ni kosa kubwa kutenda dhambi kwa kulitegemea jina lile.

Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walifika Rungwe, na wale wa Berlin wakajenga Wangemannshöhe. Walihitaji neno la kumtaja Mungu, wakalichukua jina la Kyala. Kwa kazi hiyo jina moja kati ya majina ya wakuu wa kale liliinuliwa juu ya yote, na majina mengine yakaambiwa yanyamaze. Mkristo aliacha kuwaomba wazee wake. Wala hakupewa, kama Mhindu, njia ya kuwapatia thawabu, kwa kuwa makanisa yale hayafundishi hivyo. Likabaki swali zito: wazee waliokufa kabla ya 1891, wasioisikia Injili, wako wapi, nasi twaweza kuwafanyia nini?

Swali hilo halijibiwi kwa karipio. Yafaa kukumbuka desturi ya Wamoravian iliyoanza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732: alfajiri ya Pasaka hukusanyika makaburini, wakawakumbuka waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Hapo wafu hawaombwi kitu, wala hawapelekewi kitu. Hukumbukwa mbele za Mungu, na hukumu huachiwa yeye. Basi mwalimu asimkataze mtu kumtaja babaye. Amfundishe kulitaja jina lile kwa shukrani, na kwa moyo uliokwisha kutoa hasira, kama wazee wa Kinyakyusa walivyojua.